Feni ya bafuni Uingereza: iwekwe wapi ili mvuke utoke

Baridi ikishaingia, malalamiko huwa yaleyale: kioo hakionyeshi kitu, rangi ya dari inabanduka, na kwenye pembe juu ya shawa kumeota kuvu nyeusi. Bafu la Tanga au Mombasa lina matundu ukutani yanayopitisha hewa mwaka mzima. Nyumba za huku zimezibwa ili joto lisipotee, basi mvuke unabaki ndani, unagusa ukuta baridi, unageuka maji. Kazi ya kuutoa imeachiwa feni ya kuvuta hewa.

Wengi huuliza wanunue feni ya ukubwa gani. Mimi huuliza kwanza mlango uko wapi. Feni haitoi hewa kama hakuna nyingine inayoingia kushika nafasi yake, na hewa hiyo hutoka koridoni ikipenya chini ya mlango. Kwa hiyo feni ikae mbali na mlango, karibu na shawa, ili hewa kavu ivuke bafu zima na kuusukumia mvuke huko. Ikifungwa juu ya mlango, eti kwa kuwa nyaya ziko karibu, itavuta hewa ya koridoni na kuitupa nje, na hela yako ya kupasha nyumba joto itaifuata. Mvuke utabaki palepale kwenye shawa. Dirisha lililo ubavuni mwa feni nalo ni hivyohivyo: ukilifungua wakati feni inazunguka, itavuta hewa iliyoingia punde tu kutoka nje.

Mwongozo rasmi wa ujenzi wa England unataka feni iwe juu kadiri inavyowezekana, isishuke zaidi ya milimita 400 kutoka darini, na ivute angalau lita 15 kwa sekunde. Chini ya mlango ibaki nafasi ya milimita 10. Ukiwa umetandika zulia nene, pima upya.

Kuna jaribio la bure. Funga mlango na dirisha, washa feni, sogeza kipande cha karatasi ya choo kwenye uso wake. Kikianguka, pengine feni imejaa vumbi au imechoka. Kikinata vizuri zaidi ukifungua mlango, tatizo ni hewa ya kuingia, na feni mpya haitakusaidia kitu.

Bomba la feni husahaulika kwa kuwa limejificha juu ya dari. Nimeona mabomba yanayoishia humohumo darini, yakilowesha mbao. Lazima litoke nje, liwe fupi, bila kona nyingi wala kulegea, na lifunikwe kuzuia baridi. Lisipofunikwa, mvuke hugeuka maji njiani na kurudi kudondoka kupitia feni, ukadhani paa linavuja. Likilazwa, literemkie nje kidogo.

Umeme mwachie fundi mwenye sifa. Feni iliyo juu ya shawa, chini ya mita 2.25 kutoka sakafuni, iwe na alama ya IPX4 (yaani inastahimili maji yanayoirukia) au zaidi. Mafundi wengi hapo huweka ya volti 12.

Na tafadhali msiizime kwa kuogopa bili; inakula umeme kidogo kuliko balbu ya kizamani. Bafu lisilo na dirisha linahitaji feni inayoendelea dakika 15 baada ya taa kuzimwa.

Mpangaji asitoboe ukuta, amwandikie mwenye nyumba. England, tangu Oktoba 2025, Sheria ya Awaab inawabana wamiliki wa nyumba za halmashauri na za mashirika ya makazi: hatari kubwa ya unyevu na kuvu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Imepewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya kuvu nyumbani. Wazazi wake walitoka Sudan, na shirika lililowapangisha lilikiri baadaye kwamba lilidhania tu kuwa chanzo ni mtindo wao wa maisha. Ukiambiwa “mnapika sana, mnaoga sana”, jibu kwa barua pepe yenye picha, tarehe, mahali feni ilipo na matokeo ya jaribio la karatasi.