Mbio za Chester: anza na namba ya geti

Wakuu mnaofuatilia farasi wa Uingereza, Jumamosi ikiwa zamu ya Chester msikimbilie fomu (matokeo ya farasi ya karibuni) kwanza. Tazama namba ya geti, yaani kizimba anachoanzia farasi. Uwanja ule ni mdogo, mzunguko mzima haufiki hata kilomita 2, na ni kona ya kushoto karibu mwanzo mwisho. Kwenye mbio fupi za mita 1,000 hivi, aliye geti la 1 hadi la 4 anabana uzio wa ndani. Wa geti la 10 anazungushwa nje. Ila geti zuri halimsaidii farasi mzito kuchomoka, atafungiwa nyuma ya wenzake. Mimi natafuta mwepesi wa kuanza aliye ndani. Odi zake (malipo ya dau) ndogo lakini, maana siri hii wengi wanaijua.