Programu uliyoijenga mwenyewe inagoma kufunguka? Itafute maktaba iliyokosekana

Habari zenu wadau. Somo hili ni la watumiaji wa Ubuntu na Debian. Umepakua msimbo wa programu, tuseme ya kuhariri sauti, umeukompaili (umeugeuza kuwa programu inayoweza kuwashwa), halafu unapoiwasha terminali inakujibu:

error while loading shared libraries: libsndfile.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory

Wengi wakifika hapa hufuta kila kitu na kuanza upya, bando likaisha bure. Usifute. Mstari huo umeshakutajia jina la kinachotafutwa: libsndfile.so.1. Hiyo ni maktaba, yaani faili la msimbo ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja.

Hatua ya 1: Jua kosa limetokea lini

Kama limetokea wakati wa kukompaili, utaona "fatal error: sndfile.h". Kompaila inataka faili lenye mwisho wa .h, na mafaili hayo hukaa kwenye kifurushi chenye mwisho wa -dev. Hapo dawa ni:

sudo apt install libsndfile1-dev

Kama limetokea wakati wa kuwasha, kinachotakiwa ni maktaba yenyewe, yaani libsndfile1. Watu huhangaika sana kwa sababu wanaweka kimoja ilhali kosa linadai kingine.

Hatua ya 2: Pata orodha nzima

ldd ./programu | grep "not found"

Utaona zote zilizokosekana kwa mpigo, badala ya kuziba moja na kugundua nyingine. Lakini kwa faili usilojua limetoka wapi, usitumie ldd, kwa kuwa inaweza kuuendesha msimbo uliomo ndani yake. Tumia hii, ambayo inasoma tu majina ya maktaba zinazohitajika:

objdump -p ./programu | grep NEEDED

Hatua ya 3: Uliza iko kwenye kifurushi gani

sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search libsndfile.so.1

Jina litakalotokea mwanzoni mwa mstari, kabla ya nukta mbili, ndilo la kuweka kwa apt.

Hatua ya 4: Maktaba ipo lakini haionekani

Hutokea ukiwa umeijenga maktaba mwenyewe na "make install" ikaipeleka /usr/local/lib. Mfumo bado unasoma orodha yake ya zamani ya mahali maktaba zilipo. Andika sudo ldconfig, kisha jaribu tena. Ikiwa iko kwenye folda yako binafsi, washa hivi:

LD_LIBRARY_PATH=$HOME/maktaba ./programu

Usiiweke amri hiyo kwenye .bashrc (faili linalosomwa kila unapofungua terminali), maana itazigusa na programu nyingine zisizohusika.

Sasa jambo ninalowasihi sana: msitengeneze kiungo cha bandia kwa ln -s ili toleo moja lijifanye jingine. Namba iliyo baada ya .so ni ahadi kwamba mpangilio wa ndani haujabadilika. Namba ikibadilika, ahadi imekwisha. Ubuntu 22.04 ilipokuja na OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji fiche), programu nyingi zilizokuwa zikitafuta libssl.so.1.1 ziligoma. Waliounganisha libssl.so.3 kwa jina la zamani walikutana na kosa jipya, "version OPENSSL_1_1_0 not found". Wewe msimbo unao mkononi. Safisha folda ya kujengea, ukompaili upya, programu ishikamane na toleo lililopo. Ikiwa msimbo wenyewe ni wa zamani mno kulikubali, tafuta toleo lake jipya zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, yangu ni ya Python. Inasema No module named 'tkinter', na pip install tkinter inakataa.

Jibu: Tkinter ni sehemu ya Python yenyewe, haichukuliwi kwa pip (kipakuaji cha vifurushi vya Python). Debian na Ubuntu wameitenga kwenye kifurushi chake: sudo apt install python3-tk.

Swali: Shukrani kwa somo kaka. Mimi natumia PySide6 (ya kutengeneza madirisha ya programu za Python kwa Qt). Inaandika Could not load the Qt platform plugin "xcb" even though it was found. Kama imeonekana, inakosa nini tena?

Jibu: Swali zuri dada. Imeiona xcb, sehemu inayoiunganisha Qt na skrini ya Linux, lakini xcb nayo ina maktaba inazozitegemea. Kuanzia Qt 6.5 inahitaji libxcb-cursor0, basi iweke kwanza. Ikikataa bado, washa kwa QT_DEBUG_PLUGINS=1 python3 main.py, usome jina la .so linalotajwa karibu na mwisho.

Swali: Pip inaniletea externally-managed-environment. Niweke --break-system-packages?

Jibu: Hapana ndugu yangu, unaweza kuvuruga Python inayotegemewa na mfumo. Ndani ya folda ya programu, tengeneza mazingira ya Python yaliyojitenga na mfumo:

python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install -r requirements.txt

Ya kwanza ikilalamika, weka python3-venv kwa apt.

Swali: Na sisi wa Windows? Inadai MSVCP140.dll, nimeona tovuti inaigawa bure.

Jibu: Usiichukue huko, huwezi kujua wamechomeka nini ndani. Faili hilo huja na Visual C++ Redistributable, inayopatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Kama programu ni ya biti 32, weka ya x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64.