Kurekodi gitaa na sauti chumbani: ninavyofanya hapa Mbeya

Studio yangu ni chumba cha kulala, Soweto, Mbeya. Juu ni bati, na bati ndilo linalonipangia ratiba.

1. Chagua saa

Masika hayahitaji maelezo: mvua ikianza, zima mashine. Kiangazi nacho kina vituko vyake. Asubuhi za Juni na Julai, jua likipiga bati lililolala kwenye baridi, linatanuka na kulia "ta!", linanyamaza, "ta!" tena. Niliwahi kumrekodi dada mmoja wa kwaya wimbo mzima bila kugundua. Usiku nikavaa hedifoni, nikaikuta ile "ta!" pale alipotulia kuvuta pumzi. Tukarudia wimbo wote. Siku hizi naanza saa tatu usiku, mashine za kusaga zimelala na bodaboda zimepungua.

2. Ua mwangwi

Blanketi nzito, na Mbeya nani hana? Wengi huzitundika nyuma ya maiki. Mimi naanza nyuma ya mwimbaji, kwa sababu huko ndiko maiki inakotazama. Godoro lisimamishe ukutani. Ila usitegemee blanketi kuzuia mbwa wa jirani. Linapunguza mwangwi wa chumbani tu.

3. Gitaa

Likitoka nje kwenye baridi, liache nusu saa lizoee chumba, ndipo utune. Ukiwahi, nyuzi zitakusaliti katikati ya ubeti wa pili.

Maiki ya kondensa, ile nyepesi kunasa hata mlio mdogo, inataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti, kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta. Ielekeze freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukata shingo ya gitaa), umbali wa sentimita 20 hadi 30. Tundu la gitaa liepuke: hapo besi inavuma kama ngoma. Vaa hedifoni, mwambie mpigaji aendelee, usogeze maiki vidole viwili viwili. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti, na sijutii. Kwenye programu chagua biti 24 (ubora wa rekodi), na sehemu zenye sauti kubwa zaidi zicheze karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti. Sauti ikigusa 0, ambayo ndiyo kikomo, imeshapasuka, hakuna wa kuitibu.

4. Sauti

Gitaa kwanza, likifuata metronomu, mlio wa kuhesabu mapigo. Sauti baadaye, kwa hedifoni zinazofunika masikio ili mlio usivujie kwenye maiki. Mwimbaji akae sentimita 15 hivi kutoka kwenye maiki. Kiswahili kina "mpenzi" na "baba", na hizo pumzi zinapiga maiki kama kofi. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye waya wa hanga, ikae mbele ya maiki, inatosha kuzizuia. Maiki nayo iinamishe pembeni kidogo ya mdomo.

5. Kumiksi

Kwenye sauti ya mwimbaji kata milio mizito iliyo chini ya hezi 80 (hezi hupima uzito na wembamba wa mlio). Gitaa likate chini ya 100, kisha punguza desibeli 2 au 3 kati ya 200 na 300 kama linavuma. Kompresa, kifaa cha programu kinachobana sauti inapozidi, iweke 3:1, ipunguze desibeli 4 hivi pale mwimbaji anapopaza. "Sh" ya "nashukuru" ikichoma, tafuta kati ya kilohezi 5 na 8, ushushe kidogo. Mwangwi wa chumba tumeua, sasa mwangwi wa programu uweke kwenye njia yake peke yake, uongeze mpaka uusikie, kisha urudi nyuma kidogo.

Mwisho naupiga wimbo kwenye simu, jikoni, chai ikichemka. Nikisikia kila neno, natuma kwa mwimbaji. Naye atajibu: "Kaka, niongezee sauti yangu kidogo."