Somo: Kusoma medali za mhandisi wa meli za kivita za Malkia Victoria

Anza na ukingo. Sura ya Malkia ni ileile kwa kila askari. Jina, cheo na meli vimo ukingoni, na ndivyo vinavyomtofautisha mhandisi mmoja na mwingine. Usiipake dawa ya kung'arisha: hula herufi, na herufi iliyoliwa hairudi.

1. Mulika taa kwa pembeni, zungusha polepole, nakili kila herufi pamoja na nukta. ENGR. ni mhandisi, ASST. ENGR. mhandisi msaidizi, CH. ENGR. mhandisi mkuu.

2. Pima kipenyo kwa vernia (kipimio chenye taya mbili), sehemu tatu. Medali ya Afrika Mashariki na Magharibi ni milimita 36. Ikipungua, huenda jina la kwanza lilikwanguliwa likagongwa jingine.

3. Linganisha cheo na mwaka. Hapa ndipo wengi huteleza. Vyeo vya Staff Engineer na Fleet Engineer vilianza 1886, na Engineer Lieutenant 1903. Medali ya Misri yenye kibao (kipande cha chuma juu ya utepe, chenye jina la vita) cha Alexandria cha Julai 1882, kisha ukingoni pana FLEET ENGR., itilie shaka.

4. Soma kibao cha fedha kilicho juu ya utepe. WITU 1890 ni vita vya Oktoba 17–27, Admirali Fremantle dhidi ya Sultani Fumo Bakari.

5. Thibitisha katika Nyaraka za Taifa za Uingereza (The National Archives), Kew, London. Omba majalada kwa namba: ADM 171 ni orodha za waliopewa medali, ADM 196 ni utumishi wa maofisa.

Maswali ya wanachama

*Yangu ya Afrika Mashariki haina kibao. Ni bandia?*
Si lazima, ndugu. Vita vya Mwele, dhidi ya Mbaruk bin Rashid, havikuwa na kibao: jina Mwele na mwaka viliandikwa ukingoni. Tazama ukingo, kushoto na kulia kwa sura ya Malkia.

*Mhandisi alikuwa Ashanti (Ghana ya leo) 1874 na Witu 1890. Mbona medali moja tu?*
Zote mbili zina utepe mmoja wa manjano na mistari myeusi. Aliyekuwa na ya Ashanti aliongezewa kibao tu.

*Nyota ya Khedive (nishani ya mtawala wa Misri kwa waliopigana huko) haina jina, niirudishe?*
Hapana, zilitolewa bila majina. Lakini basi haithibitishi ni ya nani. Usilipie bei ya mhandisi kwa sababu tu imewekwa pembeni ya medali yake.

*Mapigano ya Unguja ya Agosti 27, 1896 yana medali gani?*
Uingereza haikutoa medali ya kampeni kwa mapigano hayo. Inayouzwa kwa jina hilo, iache.