Jinsi ya kuandaa mpango wa usalama wa kuchimba mtaro wa kina cha mita 2

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia msimamizi mmoja wa saiti jijini Dar es Salaam, ambaye mpango wake wa mtaro wa bomba la majitaka ulirudishwa na mhandisi mshauri mara tatu. Usajili wa eneo la kazi OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, siugusi, kwani huo hutangulia yote.

Hatua ya 1. Kagua eneo pamoja na fundi mkuu, kisha andika kina, upana, aina ya udongo na zinakopita nyaya za umeme na mabomba ya maji.

Hatua ya 2. Orodhesha kazi kwa mfuatano wake: kuchimba, kutega mbao za kuzuia kingo zisiporomoke, kulaza bomba, kung'oa mbao huku mkifukia. Kung'oa mbao husahaulika mno.

Hatua ya 3. Andika hatari na kinga ya kila kazi. Hapa ndipo tulipopoteza nusu siku. Mpango ule ulijaa maneno kama "wafanyakazi wawe makini" na "wavae kofia ngumu", ilhali mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na hakuna kofia inayoustahimili. Kinga iwe kitu cha kuonyesha kwa kidole na kupima: kifusi kikae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na ngazi ipite juu ya ukingo kwa karibu mita moja.

Swali gumu lilikuwa kuinamisha kingo au kuzitegemeza. Kwa mchanga uliolegea, mwinamo unaotumiwa sana ni mita 1.5 kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kina, hivyo mtaro wetu wenye upana wa sentimita 80 chini ungefikia mita 6.8 juu, na njia ya mtaa ule ilikuwa na mita 5 tu. Ikabaki mbao na mirunda, ambavyo vipimo vyake vinapaswa kuidhinishwa na mhandisi, si kukadiriwa kwa macho. Andika pia kwamba hutegwa kuanzia juu kushuka chini, na hung'olewa kuanzia chini kupanda juu, ili mtu asisimame kamwe penye kingo zisizotegemezwa.

Mkaguzi wa kingo wa kila asubuhi na baada ya mvua atajwe kwa jina. Siku moja tulikuta ufa mwembamba kama msumari, nusu mita nyuma ya ukingo na sambamba nao. Vibarua walikuwa tayari wameshika sepetu.

Hatua ya 4. Usomeni mpango kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya kutia sahihi. Binafsi siyapendi majedwali ya kuzidisha alama za uwezekano wa hatari kwa alama za ukubwa wake. Kurasa mbili zilizoandikwa na watakaoshuka mtaroni zinanitosha. Kijiko (mashine ya kuchimbia) kikiletwa karibu na ukingo ilhali hakikuwamo kwenye mpango, kazi isimame, mpango urekebishwe na sahihi zitiwe upya.