Kabla ya kwenda Mombasa, jua utalala upande gani

Ukishuka stesheni ya treni ya Miritini, dereva wa teksi atakuuliza kama unaenda kisiwani, Nyali au ng'ambo ya Likoni. Jibu hilo uwe nalo kabla hujafunga begi. Mji wa Mombasa wenyewe ni kisiwa, stesheni iko bara, na fukwe ambazo wengi wetu tunazifuata ziko nje ya kisiwa, kaskazini na kusini.

Mimi nilijifunza nikiwa na mama yangu. Nilikuwa nimelipia nyumba Diani, kusini ya Likoni, nikidhani ni hapo karibu tu. Treni ya alasiri ikatufikisha usiku, tukakata mji mzima hadi Likoni, na foleni ya magari ya feri ikatukalisha. Mama alikuwa kiti cha nyuma, miguu imemvimba, mfuko wa dawa mapajani, haniulizi kitu. Ukimya ule ndio ulioniuma. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini hadi kusini bila kupanda feri. Mwambie dereva unataka njia hiyo, na mpatane nauli kabla mizigo haijaingia garini. Kwa anayevuka Likoni kwa miguu, feri ni bure. Ukilala Nyali, Bamburi au Shanzu, utapita Daraja la Nyali, na jioni pana msongamano.

Kutoka Nairobi, treni ya SGR, ile reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 ndiyo ninayoipendekeza kwa wenye watoto na wazee. Tiketi hulipwa kwa M-Pesa, na jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Fika stesheni ya Nairobi, iliyoko Syokimau, angalau saa nzima mapema: mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa polisi anainusa begi baada ya begi, kisha kuna mashine za ukaguzi. Panda treni ya asubuhi ukiweza. Inasimama njiani, lakini utaipita Tsavo mchana, na ndovu wa kule, wekundu kwa udongo, huonekana dirishani. Basi nalo lipo, na barabara ni karibu kilomita 480 zenye malori mengi.

Sasa bahari yenyewe. Watu huchagua tarehe kwa kuangalia likizo, hawaangalii maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji hupwa sana: unatoka hotelini na taulo begani, unakuta mwani, mawe na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Kuogelea hapo hakuna, ila kutembea na watoto kutazama kaa na samaki wadogo ni raha kubwa. Tafuta jedwali la kupwa na kujaa la wiki yako, au muulize mvuvi yeyote. Beba viatu vya mpira, maana wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi hawasikii huruma. Aprili na Mei ni masika. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, bahari huchafuka. Kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yenye jua kali na maji matulivu zaidi.

Malaria ipo pwani, basi dawa ya mbu isikose, na uliza kama chumba kina chandarua. Mifuko ya plastiki iache. Kenya imeipiga marufuku tangu 2017. Kwa Mji wa Kale beba leso au nguo ya kusitiri mabega na magoti, kwa sababu utapita milangoni mwa misikiti na nyumba za watu. Nenda asubuhi, unywe chai kwa mahamri na mbaazi, kisha uingie Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kabla mawe hayajashika moto.

Na ukinunua tiketi ya kwenda, nunua ya kurudi papo hapo. Desemba zinakwisha mapema, na nimeona familia zikirudi Nairobi kwa basi la usiku, watoto wamelala juu ya mabegi.