Launji ya uwanja wa ndege kwa kadi ya benki: unavyoanza ukiwa Mbeya

Kabla hujapakua chochote, piga simu benki uulize: kadi yangu inanipa launji, yaani sebule ya kupumzikia kabla ya ndege, mara ngapi kwa mwaka, na nikiingia na mwenzangu nakatwa kiasi gani? Nembo ya Visa peke yake haitoshi. Inategemea daraja la kadi na benki iliyoitoa.

Ukishajibiwa, pakua programu ya simu ya Visa Airport Companion, sajili kadi, na jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti. Mimi nauza vitenge Mwanjelwa, huku kila mtu ana jina la sokoni. Pale mlangoni Mama Nanii hatambuliki. Wanataka msimbo wa QR wa kwenye hiyo programu na pasi ya kupandia ndege, basi, kwa hiyo uwe na bando.

Ukitafuta launji, soma na jengo. Dar, ndege za nje ziko Terminali 3. Launji ya jengo jingine haikusaidii. Nyingi hukupokea masaa matatu tu kabla ya ndege. Umetua Dar asubuhi kutoka Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, na kwenda Dubai unaondoka usiku? Chai katafute kwingine kwanza.

Ukifika Dubai, penye mtego ni malipo ya hoteli. Ukiulizwa ulipe kwa shilingi au kwa hela ya huko, chagua ya huko, maana muuzaji akikubadilishia yeye, anakukamua.

Na tiketi ya Songwe ukiikata kivyake na ya Dubai kivyake, acha nafasi katikati, hata ya kulala Dar. Ukungu ukikuchelewesha, wenye ndege ya pili hawakusubiri.